Watani wa Orvendal

Mikidadi Shomari wa Bigwa hakuwa na dada. Hakuwa na mpwa pia, maana asiye na dada mpwa atampata wapi. Hakuwa na kazi tangu kiwanda cha nguo kilipouzwa kwa tajiri, na tajiri akazing'oa mashine akaziuza kwa kilo. Hakuwa na mke tangu Mwanahawa alipomtangulia. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala miwani iliyoweza kukaa usoni bila kufungwa uzi, wala cheti cha shule ya mchana hata kimoja, kwani yote aliyoyajua aliyasoma jioni baada ya zamu, pamba ikiwa bado imemganda nyweleni. Na hakuwa na upanga, wala ngao, wala farasi.

Hivi vitatu vya mwisho alikuja kuvipata, tena vizuri. Mengine aliyazoea. Lakini lile la kwanza, la kukosa dada, lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Kwa Waluguru mtoto ni wa mama yake. Ukoo, ambao wenyewe huuita lukolo, hupita kwa wanawake, na shamba hupita humo humo, na jina pia. Mwanamume akifa, mpwa wake huketishwa mkekani mbele ya wazee na kuvikwa jina la marehemu, na kuanzia siku hiyo huitwa kwa jina hilo kana kwamba marehemu alikuwa safarini na sasa amerudi. Jina la Gombelo lilikuwa limetembea hivyo tangu Gombelo wa kwanza alipofyeka msitu juu ya Mkuyuni na kupanda migomba mahali palipokuwa na nyani watupu. Lilitoka kwa mjomba likaenda kwa mpwa, likatoka kwa mpwa huyo likaenda kwa mpwa wake, wala halikuwahi kulala chini. Mikidadi alivikwa akiwa kijana wa kiwandani, kichwa kimenyolewa, na mama yake alilia kwa furaha kwamba kaka yake amerudi.

Sasa jina lilikuwa limefika kwake, na mbele hapakuwa na njia. Binti yake wa pekee, Hidaya, alikuwa mtu wa ukoo wa Mwanahawa. Hilo halina mjadala. Mikidadi alipanda hadi Matombo kutafuta tawi la mbali la ukoo wake, akampata bibi mmoja aliyemkaribisha kwa ndizi za kuchoma na kumweleza kwa upole kwamba wajukuu zake wana majina yao ya kurithi na hawawezi kubebeshwa la mwingine. Jina lisilo na wa kulipokea huzikwa na mwenyewe, na baada ya hapo wazee hawalitaji. Mikidadi hakuogopa kufa. Alichokiogopa ni kuwa yeye, miongoni mwa wote wale, ndiye atakayeutua mzigo njiani.

Hidaya alikuwa na chumba cha intaneti Mwembesongo, mjini Morogoro, kompyuta tatu zilizokwisha kutumika kwingine, na kanga mlangoni ya kuzuia vumbi. Ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme, 2006, na biashara ilikwenda kwa kuchechemea. Mikidadi alikuwa akishuka kutoka Bigwa kila asubuhi kwa miguu, akiketi kwenye kompyuta ya pembeni akisoma magazeti ya dunia na kamusi mapajani, kwa sababu aliamini kwamba mtu akiacha kujifunza ameanza kuoza akiwa amesimama.

Siku moja alikuta Evance, mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga nyumba ya nyuma, anacheza. Mchezo uliitwa Orvendal. Ulitengenezwa na kampuni moja ya Ulaya, huko kwenye nchi za baridi, na ulihusu zama za kale za wapanda farasi waliovaa chuma, za majoka na ngome za mawe. Watu maelfu kwa maelfu waliucheza kwa wakati mmoja, kila mmoja mezani kwake katika pande zote za dunia, wakikutana barabarani na sokoni humo ndani, wakiandikiana maneno kama wapita njia wanaosimama kusalimiana. Tena ulikuwa wa bure. Evance, kwa kumtania mzee, alimfungulia ukurasa mpya akamwambia aandike jina.

Mikidadi aliandika Gombelo.

Kompyuta ilikubali. Katika maelfu yote yale hapakuwa na Gombelo mwingine. Shujaa mdogo mwenye nguo za kitani alitokea uwanjani mbele ya hekalu, jina likielea juu ya kichwa chake, na mtu wa kwanza aliyepita, Mfini au Mbrazili, nani ajuaye, akamwandikia: habari yako, Gombelo. Mzee alivua miwani akaifuta. Tangu wazee wa Mkuyuni waanze kumalizika, hakuna aliyekuwa akimwita hivyo tena.

Hakuondoka kwenye kiti mpaka Hidaya alipokuja kumkumbusha adhuhuri.

Alipata upanga, kisha ngao. Kisha akaingia pango asilostahili kuingia, na zimwi likamponda. Katika Orvendal mtu hafi moja kwa moja. Huamka hekaluni akiwa na nguo za mwilini tu, na mali yake hubaki pale alipoangukia. Anayepita kwanza huichukua ikawa yake, wala hakuna wa kumshitaki. Gombelo alirudi mbio pangoni, akamkuta mtu mkubwa mwenye deraya nyeusi ya chuma, jina lake Kazimir, ameshauchukua upanga na ngao na anaondoka zake.

Evance alimpa pole, akamwambia huyo ndiye mwizi anayeogopwa kuliko wote kaskazini. Lakini Mikidadi alikuwa anacheka.

Ili kuelewa alichokuwa anakicheka, ni lazima kumjua Yeremia. Yeremia alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, aliyekuja Morogoro kufuata kiwanda na kubaki baada ya kiwanda kufa. Yeye na Mikidadi walisimama mashine jirani miaka mingi. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipopita Uluguru na mizigo vichwani, na mtani ana haki zake. Siku ya kumzika Mwanahawa, kaburi lilipokwisha kuchimbwa, Yeremia aliteremka akalala ndani yake, mikono kifuani, akasema hatoki mpaka alipwe jogoo, kwa sababu marehemu alikufa na siri ya mapishi yake. Kisha alimpora Mikidadi kofia aliyoivaa, akainadi mbele ya watu mpaka mwenyewe akaikomboa. Waliokuwa wakilia walijikuta wanacheka huku machozi yakitiririka. Na ni Yeremia huyo huyo aliyesimamia maji, kuni na sufuria siku zote za matanga, akiwafokea ndugu wa ukoo kama watoto, kwa sababu mfiwa hasimamii msiba wake.

Kwa hiyo Mikidadi alipoona mtu amesimama juu ya mwili wa marehemu amebeba mali yake, hakuona mwizi. Aliona mtani. Alikimbia hadi kijiji cha karibu, akakamata kuku kwenye ua wa mtu, akamfuata Kazimir barabarani. Maneno aliyatafuta kwenye kamusi moja moja. La mtani hakulipata, akaliacha lilivyo.

"Mtani, nimeleta kuku. Nipe upanga wangu."

Kazimir alisimama. "Wewe ni mwendawazimu?"

"Hapana. Mimi ni Mluguru."

"Kuku wa nini?"

"Wa kukomboa. Na ukimkataa, basi ukoo wako wote ni wachoyo, na pua zenu ni kama mihogo."

Evance alikwisha kufumba macho. Kisha upanga ukaanguka majanini, na ngao, na yule mtu mkubwa wa deraya nyeusi akamchukua kuku, akaondoka zake.

Hilo lilikuwa kosa ambalo hakuna mtu mwingine duniani angelifanya, na lilikuwa kosa lenye bahati. Siku ya pili Kazimir alimvizia darajani, akampora kofia, akadai kuku wawili. Mikidadi alimwita mbeba mizigo aliyesahau njia ya kwao. Kazimir, ambaye baadaye alisema ni fundi wa matrekta kutoka Poland, alijibu kwamba Gombelo anakimbia kama mbuzi mwenye mimba. Yeremia, aliyekuwa ameketi pembeni akitafsiriwa maneno, alikiri kwa wivu kwamba Mzungu ana kipaji.

Kuanzia hapo Mikidadi alijipa kazi. Kila alipokuta mtu ameanguka, aliketi kando ya mali yake akiilinda na wapita njia. Mwenyewe alipofika anatweta, alimtukana kwanza, akadai kuku, akamrudishia kila kitu. Wengine walidhani ni mtego. Wengine walilia, au waliandika kwamba wanalia. Muda si muda habari zilienea: ukifia kusini mwa mto na Gombelo yupo, mali yako i salama, ila jiandae kusemwa. Wabrazili walianza kufanya hivyo wao kwa wao, kisha Waindonesia. Neno mtani lilipata uraia wa Orvendal bila kuomba.

Ukoo wa mchezoni nao akauanzisha. Ndani ya Orvendal watu hujiunga kwa makundi yenye bendera, na Mikidadi hakuona jina jingine la kundi ila Lukolo. Walikuwamo Evance na Hidaya, ambaye mwanzoni aliona aibu baba yake kushindana na wanafunzi, kisha akagundua kwamba yeye mwenyewe ni mpiga upinde wa kutisha. Walikuwamo pia wageni wachache wa nchi za mbali. Kazimir aliomba kuingia, wakacheka wakamkubali, naye akaendelea kuwaibia.

Ndipo kampuni ikatoa tangazo. Kaskazini ya mbali ya Orvendal ilikuwa imefunguliwa safu mpya ya milima, na kilele chake kirefu hakikuwa na jina. Siku ya Jumamosi, lango la mlimani litashindaniwa kwa saa moja. Kundi ambalo bendera yake itakuwa juu ya lango kengele ya mwisho ikilia, kiongozi wake ndiye atakayekipa kilele jina, na jina hilo litachorwa kwenye ramani na halitafutwa kamwe. Kwa kuwa huko nyuma watu walileta majina ya matusi, mshindi atatakiwa kuandika kwa mkono wake, kueleza jina na maana yake, kuweka sahihi na kutuma kwa posta.

Mikidadi alisoma tangazo hilo mara mbili, kisha akaomba Hidaya amsomee, akihofia miwani inamdanganya.

"Baba," Hidaya alisema taratibu, "unafikiria ninachofikiria?"

"Nafikiria halitafutwa kamwe. Nimelitafuta hilo neno la kamwe kwenye kamusi. Ni kamwe kweli."

Jambo jingine alilolisoma kwenye masharti lilileta ugomvi. Kila kiongozi alitakiwa kutaja naibu. Kiongozi akifa vitani bendera huwa mikononi mwa naibu, naye ana uwezo wote: kuishikilia, kuishusha, au hata kumkabidhi adui. Evance alijua ni nani anafaa. Ndani ya Lukolo kulikuwa na Mfini mmoja, mtu wa nidhamu, asiyesema ovyo. Hidaya naye alikuwa tayari. Mikidadi alisikiliza wote wawili, akaandika Kazimir.

"Mzee wangu," alisema Evance, na sauti yake haikuwa ya utani, "huyo ni mwizi. Unamkabidhi fisi bucha."

"Ni mtani."

"Ni mtani kwa sababu wewe umemwita hivyo. Yeye hajui hata maana yake. Taji Jeusi watamwahidi farasi na dhahabu, atawapa bendera, jina la mjomba wako limekwisha."

Taji Jeusi lilikuwa kundi kubwa kuliko yote, na tayari lilikuwa limetangaza kwamba kilele kitaitwa kwa jina lao. Mikidadi alisema tu kwamba nyumba ikifiwa, ndugu huvunjika mioyo. Wanaanza kulia, wanaanza kulaumiana, wali unaungua. Anayefaa kushika sufuria ni yule asiyelia. Hidaya alitoka nje bila kuaga. Yeremia, aliyekuwa akisikiliza huku anamenya chungwa, alisema kwamba mtumwa wake Mluguru, kama watani wanavyoitana, leo amesema neno la maana, jambo linaloonyesha kwamba kukaa karibu na Wanyamwezi kunaanza kumsaidia.

Hata hivyo usiku huo Mikidadi alilala vibaya. Alijua kwamba Evance anaweza kuwa sawa.

Jumamosi ilifika na jua lake. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Uluguru kama kawaida, na chini mjini umeme ulikuwepo. Ratiba ya mgao ilisema utakuwepo hadi jioni. Mikidadi alivaa kanzu safi, akaketi. Evance na Hidaya wakaketi kushoto na kulia. Watu wa Lukolo walishika lango mapema, kwa hila ya Kazimir, aliyejifanya mlevi mbele ya walinzi mpaka wakafungua. Bendera ilipanda. Kengele ya kwanza ililia.

Taji Jeusi walikuja kama siafu. Hidaya alikuwa mnarani akitupa mishale bila kukoma. Evance alishika ngazi. Gombelo alisimama katikati ya lango na farasi wake na ngao yake, na kila wimbi lililompiga lilirudi nyuma limepungua. Mzee alikuwa ameacha hata kupepesa. Mara nne walisukumwa hadi ukutani na mara nne walitoka. Nusu saa ilipita, bendera ikipepea.

Umeme ukakatika.

Feni ya dari ilizunguka mara ya mwisho ikasimama. Kioo mbele ya Mikidadi kilikuwa cheusi, na ndani yake aliona uso wake mwenyewe. Wote watatu walijua kinachotokea upande wa pili: mchezaji akipotea, shujaa wake hubaki amesimama kama kigogo, macho wazi, mpaka auawe. Gombelo alikuwa amesimama katikati ya lango hivyo hivyo. Sasa hivi alikuwa anakufa, na Evance alikuwa anakufa, na Hidaya, na bendera ilikuwa inashuka kwenye mikono ya mtu mwenye deraya nyeusi.

Hidaya aliegemeza kichwa mezani. Evance hakusema nilikwambia, alikuwa mwungwana.

Yeremia ndiye aliyesimama. Aliuliza wana waya wa umeme wa urefu gani. Hidaya alimwonyesha ule mrefu uliokuwa chini ya kabati, naye akauzungusha begani, akavuka barabara kuelekea kibanda cha video cha Abeid, ambako jenereta lilikuwa likinguruma na nusu ya Mwembesongo ilikuwa imebanana kutazama mpira wa Uingereza.

Waliokuwemo walisimulia baadaye. Yeremia aliingia bila hodi, akapita mbele ya televisheni, akasimama hapo. Watu walizomea. Abeid, kijana wa Kiluguru mwenye maneno mengi, alimwuliza mzee anataka nini.

"Nimefiwa," Yeremia alisema. "Mtumwa wangu Mluguru amekufa sasa hivi hapo ng'ambo, amekufa vitani akiwa na kanzu. Nimekuja kuchukua vya msiba. Nachukua umeme."

"Babu, jenereta hili halibebi kompyuta na televisheni na feni."

"Basi zima feni. Waluguru mmezoea baridi ya mlimani, leo mtajua jasho ambalo baba zetu walitoka wakiwabebea mizigo."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Abeid alitaka kubisha, lakini alikuwa Mluguru, na mtani akija na neno la msiba hakataliwi mbele za watu ila na mtu asiye na mama. Alinyoosha mkono akazima feni, akazima taa za rangi mlangoni, akazima jokofu la soda. Yeremia akachomeka waya.

Moja ya kompyuta tatu iliwaka. Ilikuwa na nguvu ya moja tu. Mikidadi aliketi mbele yake, akingoja mashine iamke na laini ya simu iite na iitike. Nyuma yake mlango ulikuwa umejaa watu, maana mpira ulikuwa mapumziko na kila mtu alitaka kumwona maiti mwenye kanzu.

Gombelo aliamka hekaluni na nguo za kitani, kama siku ya kwanza. Alianza kukimbia. Hakukuwa na farasi, na njia ya kaskazini ilikuwa ndefu. Alipita daraja, akapita kijiji cha kuku, akaanza kupanda. Njiani alikutana na watu wa Taji Jeusi wakirudi nyuma wakiwa na nguo za kitani kama yeye, waliokufa na kuamka, na hilo hakulielewa. Ukungu wa mlimani ulifunika juu. Alitazama mahali lango linapopaswa kuwa na hakuona kitu.

"Baba, hapo," Hidaya alisema, kidole chake kikigusa kioo.

Bendera ya Lukolo ilikuwa juu.

Chini yake walikuwa watu ambao wengi wao Mikidadi hakuwahi kuwaita. Wabrazili walikuwapo, wale aliowalindia mali mtoni, na Waindonesia, na Mfini wa nidhamu akiwa na ngao iliyovunjika upande mmoja, na wengine ambao majina yao aliyakumbuka kwa matusi aliyowatukana. Walikuwa wamepanga duara mbili mbele ya lango. Na katikati, juu ya miili ya Gombelo, Evance na Hidaya, alisimama Kazimir. Alikuwa amepanga vitu vyao vyote kwenye mstari, upanga, ngao, upinde, na farasi amefungwa kando, na alikuwa anawafokea wale wote kama mama mkwe jikoni: wewe sogea, wewe unalala, wewe umekuja kula au kufanya kazi.

Baadaye Mfini alieleza kwamba Gombelo alipoganda, Lukolo walianza kukimbia. Taji Jeusi walimwahidi Kazimir joka la kupanda, kitu ambacho watu wanne tu walikuwa nacho. Kazimir aliwajibu kwamba yuko msibani na hana muda wa biashara. Kisha akapiga mbiu kaskazini yote na kusini yote, maneno mawili tu: Gombelo amekufa. Nao walikuja.

Lakini hayo yalikuja kujulikana baadaye. Wakati ule Kazimir aliandika hivi:

"Umechelewa mazishi yako mwenyewe. Kuku watatu."

Mikidadi alitaka kuandika na hakuweza. Herufi zilikuwa zinaogelea. Yeremia alimwinamia begani akamwambia aache kulia, amjibu mtu, asiwatie aibu. Mzee akaandika kwamba yeye hatoi kuku watatu kwa mtu mwenye pua kama muhogo, atatoa mmoja, tena mgonjwa wa kideri.

Kengele ya mwisho ikalia.

Fataki zilipasuka juu ya mlima, na watu wote wale wakaanza kurukaruka kwenye theluji. Mwembesongo nayo ililipuka. Watu waliokuwa wamejazana mlangoni hawakujua hasa nini kimeshindwa na nani, lakini walijua mzee wa Bigwa alikuwa amekufa na sasa ameshinda, na hilo liliwatosha. Walimbeba na kiti chake hadi barabarani. Abeid aliwasha feni zake na kusahau mpira. Evance alimwendea Mikidadi, akainama, akamwamkia shikamoo upya kana kwamba wamekutana asubuhi ile, na mzee akaitikia marahaba, na hayo ndiyo yote waliyoyasema kuhusu fisi na bucha.

Jumatatu yake Mikidadi aliketi nyumbani Bigwa na karatasi ya mistari. Aliandika rasimu kwanza, akaisahihisha, kisha akanakili kwa wino. Aliandika kwa Kiingereza chake cha jioni, sentensi fupi, kila kitenzi mahali pake. Alieleza kwamba Gombelo alikuwa mtu aliyefyeka msitu juu ya Mkuyuni katika milima ya Uluguru, na kwamba jina lake hupita kutoka kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada. Alieleza kwamba yeye hana dada. Kisha akaandika: kwa hiyo naomba mlima huu uwe mpwa wangu.

Hidaya alisoma akiwa amesimama mlangoni, akarudia mstari ule.

"Watu wa kule hawajui mpwa ni nini, baba."

"Watauliza. Mtu akiuliza ndiyo ameanza kujifunza."

Hidaya alimnyooshea kofia yake, kisha akaamua kufunga duka siku ile na kwenda naye.

Yeremia aliwakuta njiani na akadai haki ya kubeba barua, akisema hakuna mzigo wowote wa maana uliowahi kutoka Uluguru bila kichwa cha Mnyamwezi. Mikidadi alimkatalia, akasema angeiuza kabla ya kufika mjini. Walibishana hivyo hadi posta, wazee wawili katikati ya barabara, na pikipiki zikiwapigia honi.

Dirishani alikuwa Martina, mwanamke wa makamo aliyemfahamu Mikidadi tangu enzi za kiwanda. Alitazama anwani ya Ulaya, akamwuliza Mzee Mikidadi ana nani huko.

"Sina mtu bado," Mikidadi alisema. "Barua hii ndiyo inakwenda kumleta."

Martina alidhani ni habari za mchumba, akacheka, akampa stempu. Mikidadi aliikunja karatasi mara tatu, akahakikisha sahihi iko ndani, Mikidadi Shomari Gombelo, majina matatu, la tatu kubwa kuliko mengine. Akalamba ukingo wa bahasha. Akaifunga, akaipitishia ngumi juu ya meza kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, mpaka hewa yote ikatoka. Akaibandika stempu. Martina akainyanyua, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko wa ng'ambo, akamwita anayefuata.